Uzinduzi wa Kituo cha Siri cha Kuripoti Majengo Mabovu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kunikaimisha mimi, kwa hiyo Mheshimiwa Mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Mganga Mkuu wa hospitali hii, mwenyeji wetu. Mkandarasi wetu mpendwa, mjenzi wa wodi mpya ya wazazi iliyo mbele yetu, na mfadhili wa viti hivi vyenye vitambaa. Wahandisi, mafundi, wauguzi, nanyi wagonjwa mnaotusikiliza kupitia madirisha. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kama mjuavyo, msimu wa mvua uliopita ngazi za soko kuu zilishuka. Nasema zilishuka, sisemi zilianguka, kwa sababu neno kuanguka linajenga taswira hasi kwa wadau wa maendeleo, ilhali kushuka ni jambo la kawaida, hata mimi hapa nikimaliza nitashuka. (Sauti kutoka nyuma: "Zilimvunja mjomba wangu miguu yote miwili!") Pole sana. Mjomba ni mdau muhimu na data zake tunazo.

Sasa, Tume niliyoiunda, chini ya uenyekiti wangu, ikafanya upembuzi yakinifu na kugundua jambo la kusikitisha: fundi nondo alijua zile ngazi ni mbovu, mwashi alijua, mpaka mama anayeuza chai chini yake alijua, akawa kila siku anasogeza meza kidogo. Wote walinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Ofisi yangu ilishtuka sana. Kumbe watu wanajua mambo bila kibali!

Ndipo ofisi yangu ikabuni mfumo shirikishi, jumuishi, unganishi na endelevu wa kidijitali, ambao kwa lugha nyepesi ni hivi: ukiona jengo lina kasoro, unapiga ile namba iliyobandikwa kila ukuta wa mji huu pamoja na picha yangu, jina lako halitajwi, wataalamu wa Kituo wanachunguza, kasoro inarekebishwa, kisha wahandisi wote wanaelezwa kilichotokea ili kosa la jengo hili lisirudiwe katika jengo lile. Ni wazo zuri, na kwa kuwa ni zuri, ni langu. (Makofi kutoka meza kuu.) Masharti ni mepesi mno. Mtoa taarifa asiyejulikana afike na kitambulisho chake, picha mbili za pasipoti, na barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba mwajiri hana habari kuwa anaripotiwa. (Kicheko. Mheshimiwa anasubiri kiishe, haelewi kimetoka wapi.)

Matokeo, ndugu zangu, ni makubwa. Tangu namba ibandikwe tumepokea taarifa moja, na katika taarifa hiyo moja, asilimia mia moja zimepokelewa! Nchi zilizoendelea hazijafika hapo.

Na aliyeitoa, sitamtaja. Mtanibembeleza, mtanisihi, sitamtaja ng'o, siri ni siri. Nitasema tu kwamba ni mhandisi, ni mwanamke, ameajiriwa na Mkandarasi wetu mpendwa, na yupo hapa mstari wa tatu, amevaa gauni la kijani, ubavuni kwa mumewe fundi bomba. (Watu wote wanageuka. Mkandarasi naye anageuka, polepole.) Nyosha mkono dada, usione haya! Mpigeni makofi mtu wetu wa siri!

(Mwanamke wa gauni la kijani anasimama. Mumewe anamvuta mkono: "Kaa chini, mke wangu, tutakula nini?" Hakai.)

"Mheshimiwa, kazi nimeshaipoteza, acha niseme. Ile nguzo ya katikati ya wodi, zege lake halikusindiliwa. Ndani ina mapango. Ukiigonga inalia kama debe tupu, wakaipiga plasta na rangi juu yake. Nilisema kwenye simu: msiwahamishie wazazi humo mpaka ichunguzwe. Mbona tangu asubuhi wanahamishwa?"

Ahsante sana, dada, kwa mchango wako, ingawa umetoka kidogo nje ya ratiba. (Mkandarasi: "Rangi yenyewe ni ya bei ghali!") Umesikia? Suala la nguzo liko mezani. Litaundiwa kikosi kazi, kikosi kazi kitaandaa semina elekezi, semina itazaa rasimu, na rasimu nitaisoma mwenyewe nikirudi safari. (Bibi mmoja: "Mkwe wangu yumo humo, mwanangu, uchungu umeshamshika!") Hongera sana, bibi! Hongera kwa mjukuu ajaye!

Sasa tusimame sote kwa kauli mbiu. Nikisema "Usalama," mnasema "Juu!" Usalama! ("Juu," meza kuu peke yake.) Nikisema "Siri," mnasema "Yetu sote!" Siri! (Hakuna anayeitika.)

Basi nimalizie kwa shukrani, na hizi zinatoka moyoni kabisa, sikuandikiwa na mtu. Dada yangu, wapo wanaosema kwa kejeli kwamba Kituo hiki hakipo. Ni kweli hakipo. Hakina chumba, hakina mtaalamu hata mmoja. Fungu lake lote liliishia kwenye mabango na hili hema. Ile namba ni ya simu yangu mwenyewe. Lakini ndiyo uzuri wake! Uliponipigia nilikusikiliza kama mzazi, nikakuelewa, nikakuamini neno kwa neno, kwa sababu binti yangu alikuwa amepangiwa kitanda karibu na nguzo hiyohiyo. Papo hapo nikamhamishia hospitali nyingine. Leo alfajiri kajifungua salama, mtoto wa kike, mzima kabisa! Mwanangu yu hai kwa sababu yako. Nani tena atasema mfumo haufanyi kazi?

(Viti vyenye vitambaa vinapinduka. Bibi ndiye wa kwanza kutoka, mtandio ukimwanguka. Wanafuata wauguzi, fundi bomba na mkewe, na Mganga Mkuu aliyeruka meza. Uani inasikika sauti ya mhandisi: "Wote wasiingie kwa pamoja! Piteni ukutani, nguzo msiiguse!")

Jamani, mnakwenda wapi? Utepe sijaukata! Mkandarasi, waambie warudi. Ndugu wananchi, bado sijawashukuru wafadhili...

(Kitanda cha kwanza kinatoka mlangoni mwa wodi kikisukumwa na watu sita, kisha cha pili.)

Mwandishi wa kumbukumbu, bado upo? Vizuri. Andika: hadhira iliipokea hotuba kwa vitendo.