Mchicha wa Dirisha la Pili

Jumatatu, 4 Machi
Nesi kasema hasira zangu zinaanzia tumboni. Asubuhi chai na maandazi, mchana chipsi na soda, nitaachaje kufokea wateja? Nile mboga, maharage, samaki na matunda. Na kila siku niandike jambo la kushukuru. Haya. Nashukuru hakunichoma sindano.

Jumanne, 5 Machi
Mama Watoto kaamka alfajiri kunipikia. Bakuli zima! Mchicha, maharage, samaki, nusu parachichi. Nimemshukuru kwa dhati. Kukila sasa, ndiyo kazi.

Posta, balaa. Meneja katangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo dirisha moja linafungwa. Mwenye foleni fupi atashushwa stoo ya vifurushi, huko chini kusikoingia jua. Miaka kumi na tisa nimekaa dirisha la pili! Bahati nzuri dirisha la kwanza ni la Miayo, apigaye mhuri mmoja kwa miayo mitatu. Lakini mwenye akili hangoji bahati. Shibe ya maharage itamlaza kabisa. Nikampa bakuli lote. Alilengwa na machozi, akasema tangu afiwe na mkewe hajala chakula cha nyumbani. Mimi nikala chipsi. Nashukuru kwa chipsi.

Alhamisi, 7 Machi
Miayo hajalala. Labda kipimo ni kidogo. Mama Watoto kaniuliza kama nashiba, nikasema mpaka mkanda unanibana. Kaongeza karanga na machungwa. Mke gani huyu! Namshukuru Mungu kwa kunipa mwanamke asiyenusa vidole vya mtu.

Jumatatu, 11 Machi
Miayo anapiga mluzi! Anawauliza wateja habari za watoto wao. Foleni yake imefika barabarani. Yangu watu wanne, na mmoja alikuwa anasubiri mvua ikatike. Saa nane nikamfokea bibi mmoja kwa kubandika stempu kichwa chini. Akanipa pole, akahamia kwa Miayo. Leo cha kushukuru sijakiona. Basi, mvua.

Jumatano, 13 Machi
Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia sebuleni kwangu. Miayo kaja kumshukuru shemeji yake kwa wiki nzima ya chakula, bakuli kaliosha mpaka linang'aa. Alipoondoka, Mama Watoto hakufoka. Afadhali angefoka! Kaniuliza taratibu mimi nilikuwa nakula nini. Kisha akasema anaamka alfajiri kwa sababu baba yangu alikufa mapema, naye hataki kunizika. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaomba mchicha, nikala wote. Kumbe mtamu! Namshukuru mke wangu. Hili sitanii.

Ijumaa, 15 Machi
Meneja kahesabu foleni. Miayo watu hamsini na wawili, mimi kumi na mmoja. Nikaanza kufungasha mihuri yangu. Mara Miayo akasimama, akasema stoo aende yeye. Sasa ana nguvu za kubeba vifurushi, na hawezi kumnyang'anya dirisha ndugu aliyemlisha. Jamani! Nikalia mbele ya wateja. Nilitaka kumwambia ukweli, mdomo ukagoma. Namshukuru Miayo. Namshukuru Mama Watoto. Nayashukuru hata maharage.

Jumapili, 17 Machi
Siku ya nne nakula vizuri. Nalala vizuri, sijamfokea mtu, hata jirani na redio yake nimemsalimia. Nesi alisema kweli, na nimejaa shukrani hadi kooni.

Ila nimetafakari. Miayo alikula bakuli la Mama Watoto wiki moja tu, akaacha kiti chake kwa hiari yake mwenyewe. Na meneja je? Kiti chake kinazunguka, kina hata pa kuwekea mikono.

Nimemwomba Mama Watoto kesho aongeze parachichi. Kanikumbatia kwa furaha, kasema hatimaye nimeanza kujipenda. Sikumkatiza. Bakuli linapanda ghorofani kwa meneja saa sita kamili, mimi narudi palepale kwenye chipsi. Namshukuru Mungu: nimeulizia, na meneja anapenda samaki.