Kocha Nabiswa na Mablanketi ya Bi Kadija

Enyi wapangaji wa Tassia, nanyi majirani wa Pipeline mnaopenda kutucheka, tueni sufuria, zimeni redio, mkae kitako mnisikilize! Nanyi mnaotafuna njugu huko nyuma, nyamazeni. Namsimulia Nabiswa, ngome ya chuma, mwenye paja nene kama kinu, beki aliyewazuia washambuliaji wa ligi kuu hadi wakasahau njia ya kwenda golini. Na jinsi Jumapili ile alivyopanda juu ya ghorofa letu, beseni kichwani, akapigana akashinda. Mimi nilikuwepo. Anayebisha na aje anibishie usoni.

Ikawa, alipokwisha kuangika njumu zake, Nabiswa alikabidhiwa timu ya mtaa, Radi ya Tassia. Lakini ole wake! Kucheza alikujua, kufundisha, hata chembe. Kijana akikosea pasi mazoezini, yeye huingia akamnyang'anya mpira, akapiga chenga mwenyewe, akafunga mwenyewe, akajishangilia mwenyewe, na vijana wamekunja mikono kama wageni wa arusi wasiomjua bwana arusi. Hatimaye Mzee Gichuru, mwenyekiti wa timu, akamwonya mbele za watu.

"Nabiswa, wachezaji tulikuwa nao. Tulichokosa ni kocha. Jumapili usipotuonyesha kocha, timu nampa mwingine."

Maskini shujaa! Hakuwa na kazi nyingine duniani, wala kingine alichokipenda.

Jumapili ikafika, naye akafungua mkoba wa jezi. Lo salale! Uvundo uliotoka humo ungemfufua marehemu. Tope la mechi iliyopita lilikuwa limegandia jezi zote! Maana kule kwa mabingwa alikotoka, mchezaji huvua jezi akaitupa chini, na mechi ijayo akaikuta imekunjwa inanukia. Hakuwahi kuuliza nani huifua. Mtaani kwetu kocha ndiye hupanga zamu ya kufua, na Nabiswa hakuwa amempanga hata paka. Tena sheria ya ligi yetu haina huruma: timu isiyo na jezi imeshindwa kabla ya kipenga.

Akafua! Akasugua kama anayelipiza kisasi, kwani kwa bahati maji ya mfereji yalikuwa yamekuja asubuhi hiyo. Ila bahati hiyo haikuwa yake peke yake. Ploti nzima, mlango hadi mlango, ilikuwa imefua. Alipofika juu alikuta kamba zote zimejaa, na zile tatu zilizo kwenye jua kali zimetekwa na mablanketi ya Bi Kadija, mjane wa asili ya Lamu, malkia wa ghorofa ya tano, ambaye hata mwenye nyumba humwamkia kwanza. Mablanketi yalichuruzika maji, kwa kuwa bintiye Rufaida, msaidizi wake wa kukamua, alikuwa amekwenda sokoni Muthurwa. Na mnajua wenyewe, kugusa nguo ya mtu kambani ni kutangaza vita.

"Shikamoo, Bi Kadija."

"Marahaba, mwanangu. Kitu gani hicho chanuka?"

Nabiswa akatua beseni, akanyoosha mkono, akahutubu: "Ewe mama wa kamba tatu, mlinzi wa jua! Nisitiri mwanao. Jezi hizi zisipokauka kabla ya saa nane, jioni mimi si kocha tena!"

Bi Kadija akashika kiuno. "Nawe beki mstaafu, nisikize! Yakamue mablanketi yangu hadi tone la mwisho, niyabananishe kwenye kamba moja, mbili nikupe. Ukishindwa, shuka na uvundo wako!"

Shujaa akalivamia blanketi la kwanza peke yake, akalikumbatia, akalipindapinda. Likamlowesha toka kifuani hadi soksi, lenyewe likabaki zito vilevile. Ndipo akapiga simu, wakaja Mujahid nahodha na Kimani kipa.

"Niaje kocha, umeoga na nguo?" Kimani akacheka.

Wakashika ncha, wakatazamana. "Hii ni rahisi," akasema Mujahid. "Mimi nazungusha kulia, wewe kushoto." Wakazungusha weee! Blanketi likabingirika lote kwa pamoja, na maji hayatoki ng'o.

"Hii blanketi imeharibika, buda," akaamua Kimani.

Nabiswa akaruka kulinyakua. Bi Kadija akamzibia njia. "Hebu toka! Wewe kila kitu watia mkono! Simama kando utazame!"

Akasimama. Viganja vilimwasha, mguu ukamcheza, lakini akatazama bila kugusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Na kwa kuwa alisimama kando, akaona: wanatazamana hawa, kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine, basi wote wanazungushia upande mmoja!

"Simameni!" akanguruma. "Mujahid, kulia kwako! Kimani, nawe kulia kwako!"

"Zii, kocha, hiyo haiwezi."

"Jaribuni!"

Blanketi likajinyonga, likalia kwii, maji yakaporomoka hadi uani na kumwogesha Mzee Gichuru, aliyekuwa amekuja kukagua timu. Mzee akainua uso, ghadhabu tele. Akaona vijana wakifanya kazi, na Nabiswa kando yao, mikono mgongoni.

"Kumbe anaweza kutulia," akasema, akijipangusa shingo.

Jezi zikaanikwa, zikakauka, mechi ikachezwa. Tulifungwa manne kwa nunge, sifichi. Lakini tulifungwa uwanjani, si mezani, tena tukinukia sabuni. Na dakika za mwisho mpira ulitoka nje, ukabingirika hadi miguuni mwa Nabiswa. Tukasema, basi, sasa ataingia apige chenga! Akautazama. Akainama, akauokota kwa mikono, akampa Mujahid.

"Shika, baba. Cheza wewe."

Mzee Gichuru akaanza kupiga makofi, na Tassia nzima ikainuka kushangilia, mabao manne nyuma.