Kiota Mbele ya Gati la Duane

Jumamosi, 11 Mei
Barafu imeyeyuka ziwani, na jirani yangu Duane naye ameamka. Nilikuwa ndani ya matete na kayaki yangu. Kafi halisikiki, korongo kasimama hatua chache tu kutoka kwangu. Mara boti ya Duane ikanguruma. Korongo akaruka, mawimbi yakanimwagikia mapajani. Duane akanipungia na kuuliza kama leo ni siku yangu ya kuoga. Nilihamia msituni kwa ajili ya asubuhi za kimya. Sitaziachia injini.

Jumatatu, 13 Mei
Dawa nimeipata. Ndege mzamiaji akitaga, chama cha wakazi wa ziwa huzungusha maboya na kufunga eneo lote, boti zisipite. Naye hupenda kutaga kwenye visiwa vidogo. Basi namjengea kimoja kinachoelea, kwa magogo, nyasi na tope. Nitakitia nanga mbele ya gati la Duane. Yako mapinduzi yaliyoanza na magogo machache kuliko haya.

Jumanne, 14 Mei
Nimekikokota kwa kayaki. Kizito kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Nimepinduka. Duane akatokea na kikombe cha kahawa, akauliza kama nahama. Nikasema ni utafiti. Akasema utafiti wangu umelalia upande mmoja, akanirushia kamba nzuri ya boti. Nilimrudishia. Siwezi kumshinda adui kwa kamba yake. Nimetumia ya kuanikia nguo.

Jumatano, 22 Mei
Upepo mkali tangu juzi. Kamba imekatika, aibu kwa walioitengeneza. Kisiwa kimevuka ghuba na kujiegesha mbele ya gati langu mimi. Nikashuka na mabuti kukirudisha. Jicho jekundu likanitazama. Ndege kalalia mayai mawili.

Alhamisi, 23 Mei
Bi Marlys, mwenyekiti wa chama, amekuja na maboya. Akanikumbatia. Hajawahi kuona mtu wa kujitolea hivi, tena kwenye ghuba yake mwenyewe. Nikamuuliza, kwa utulivu, kama marufuku inahusu kayaki. Akasema kayaki hasa. Boti ndege anaisikia ikija, anajiandaa. "Lakini nyie mnamnyemelea kama mbweha, Orrin."

Kama mbweha. Mimi.

Ijumaa, 31 Mei
Siku nzima gatini, kayaki imelala nyasini. Duane akapita nje ya maboya. Injini kaizima, anapiga kafi polepole asimsumbue mama ndege. Akaniuliza kwa mnong'ono kutoka mbali nimefungwa kwa kosa gani. Kisha akasema nizunguke kwa barabara hadi kwake, anipeleke kwenye matete. Nilikwenda, kwa ajili ya upelelezi tu. Mtu huyu ana viti vyenye mito.

Kosa lilikuwa la ndege. Ndege hawana msimamo. Popo ni viumbe makini zaidi. Nimesoma kwamba wakizaa ndani ya jengo, haifai kuwasumbua hadi watoto waweze kuruka. Na banda la boti la Duane, nimelikagua leo vizuri, lina nyufa za kupendeza sana.

Kesho nanunua mbao za kuwajengea.