Paa wa Uani Kwetu

Jumatatu, 3 Juni
Mtafiti wa wanyamapori amekuja shuleni. Anataka wanafunzi tumtumie taarifa za wanyama tunaowaona mitaani kwetu. Atakayetuma taarifa bora ataenda naye kambini likizo hii. Nafasi ni moja. Nimeamua ni yangu. Binamu yangu Profesa (tunakaa nyumba moja na kusoma darasa moja, kwa bahati mbaya) ameamua vilevile. Kufika jioni alikuwa na picha ya kinyonga. Mimi nilikuwa na mende. Nimemtuma mende.

Jumanne, 4 Juni
Mtafiti amejibu kwa upole kwamba mende anao wa kutosha. Profesa ameniuliza mbele ya mjomba kama mende wangu hajambo. Mjomba, ambaye ndiye baba yake, amecheka mpaka chai ikampalia. Nimefurahi ilipompalia.

Alhamisi, 6 Juni
Mungu mkubwa! Nilikuwa naosha vyombo nikamsikia fundi aliyekuja kukagua nyumba akimwambia mama, "Nimeona paa kule nyuma. Hali mbaya, mama." Paa! Yule swala mdogo mwenye miguu kama vijiti! Uani kwetu! Nikafunga bomba, nikamkimbilia fundi kabla Profesa hajatoka bafuni.

Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema, "Nimeliona kwa macho yangu, binti." Nikamsahihisha taratibu: ni "nimemwona", kwa kuwa ana uhai. Fundi akarudia vilevile: "Nimeliona." Si kila mtu alipata mwalimu wa sarufi kama wetu. Simlaumu.

Maelezo yake, baada ya masahihisho: paa ni mzee sana. Amelegea upande wa kushoto. Ana matundu mgongoni (bila shaka alikusudia madoa). Mvua ikinyesha, anavuja. Hapo nimeandika "huenda ni figo". Fundi ameonya mtu asithubutu kumpanda. Nani angempanda paa mgonjwa?

Nimetuma yote kwa simu ya mama. Mtafiti amejibu papo hapo, kwa alama za mshangao. Anakuja Jumamosi!

Ijumaa, 7 Juni
Nimeweka mchicha wa mama nyuma ya nyumba ili paa asihame. Mama ameulizia mchicha wake. Nimesema ni sayansi. Nimepewa sufuria zote nisugue. Paa hajatokea. Wagonjwa wa figo hupumzika sana.

Jumamosi, 8 Juni
Mtafiti alikuja na darubini, na kamera ndefu kama bomba la maji. Tulijibanza sote nyuma ya tangi. Kimya. Fundi akapita na ngazi begani, akauliza tunawinda nini. Mtafiti akamnong'oneza: paa. Fundi akanyoosha kidole juu. "Si hilo hapo?"

Tukatazama juu. Mabati. Kutu.

Profesa alicheka mpaka akakaa chini. Mtafiti alifuta lenzi ambayo haikuwa chafu. Nilieleza kwamba fundi ndiye aliyenichanganya. Fundi akasema, "Mimi tena? Si nilikwambia nimeLIona?"

Kisha akapanda na kufunua bati, wakafumuka popo. Wengi! Mtafiti akaruka kama mtoto: aina ile hajawahi kuiona mjini. Mimi wakati huo nilikuwa nimejifunika ndoo kichwani. Profesa alikuwa na simu mkononi. Picha ni zake. Kambi ni yake.

Nilidai kwamba bila paa langu popo wasingeonekana. Nikashtukia nimesema "langu".

Jumapili, 9 Juni
Profesa anapanga begi. Nimemkunjia shuka, maana anakunja kama anayefunga mzigo wa kuni. Ameniambia mtafiti atakuwa na kambi nyingine Desemba, na nisitume mende. Nimemshukuru kwa ubaridi.

Kuanzia leo nitasikiliza kwa makini sana.

Asubuhi hii mjomba alikuwa anavaa kwenda harusini. Mara akapaza sauti, "Tai yangu iko wapi? Niliiacha inaning'inia nyuma ya mlango!" Nikamsahihisha kupitia tundu la kitasa: tai wangu yuko wapi. Sikujua kabisa kama mjomba anafuga.

Nimeshatuma taarifa. Tai mmoja, mweusi, mwenye mistari ya fedha. Hulala akining'inia nyuma ya mlango. Nadhani tabia hii haijawahi kurekodiwa popote.