Ombi la Tatu la Marlys

Jumapili, 20 Desemba
Baridi ya kukata masikio. Baada ya ibada Marlys akaniuliza Krismasi nitakula wapi. Marlys ni mjane, jirani yangu, na chapati zake za viazi hazina mfano Minnesota nzima. Nikamwambia asijisumbue. Hiyo ya kwanza. Huku kwetu mwenye adabu hukataa mara mbili, ya tatu ndipo hukubali. Anayekubali papo hapo ni mlafi. Tangu mke wangu Ardis afariki, Krismasi nakula supu ya kopo peke yangu. Mwaka huu sitaki! Sitaki kabisa.

Jumatatu, 21 Desemba
Balaa. Vince naye kaalikwa, yule mstaafu aliyehamia kutoka New Jersey. Eti alijibu hapohapo, "Nakuja! Saa ngapi?" Hana haya. Mpango: kesho nimwondolee Marlys theluji mlangoni. Lazima atanialika tena.

Jumanne, 22 Desemba
Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama na beleshi hadi mgongo umegoma. Marlys akatoka. "Orville, njoo bwana Ijumaa, chakula kipo tele." Moyo ukaruka. Nikasema hapana, asihangaike. Ya pili! Akafumbua mdomo. Mara Vince huyo na mashine yake ya kurusha theluji, kelele tupu, akanifukia hadi magotini. "Muache babu, si kashakataa?" Marlys akanitazama, akaingia ndani. Nikangoja barazani. Hakutoka.

Alhamisi, 24 Desemba
Nimepita mbele ya dirisha la Marlys nikitembeza mbwa. Sina mbwa, nimeazima. Naye akagoma kutembea, ikabidi nimbebe. Marlys alinipungia mkono tu. Nimerudi nyumbani nikalia.

Ijumaa, 25 Desemba
Supu. Kicheko cha Vince kinafika hadi jikoni kwangu. Ghafla, hodi! Marlys mwenyewe, kwenye theluji, hana hata koti. Akasema kiti changu kipo. "Nimekufuata, Orville. Twende zetu."
Machozi yakanilenga. Nikatafakari haraka. Zile mara mbili nilizokataa, Jumapili na Jumanne, zimeshapoa. Sikukuu ni siku mpya, na hesabu huanza upya. Nikamwambia asijisumbue.
Akasema haya basi, Krismasi njema. Akaenda zake.
Vizuri. Hiyo ya kwanza. Nimevaa tai, nimekaa karibu na mlango. Bado mbili.