Kilima cha Newala na Kigari Changu Kinachoonja Mafuta

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele za wakwe, tena nikiwa nimevaa nguo mpya. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wenye chumvi zao.

Mnakijua kigari changu. Kile cheupe, kifupi, cha petroli, ambacho ukikiangalia ubavuni unadhani nyuma kimekatwa. Nilikinunua kwa mizunguko ya hapa hapa Masasi mjini: Mkomaindo, sokoni, stendi, nyumbani. Kwa kazi hiyo hakina mpinzani. Aliyeniuzia alinipa maneno ambayo nimeyakariri kama dua: "Dada, hiki ni kidogo kwa umbo, lakini ni imara. Hakisumbui. Hakinywi, kinaonja tu." Tangu siku hiyo kila anayeniuliza habari za gari namjibu hivyo hivyo. (Na wasiouliza pia.)

Sasa mdogo wangu Hamisi kapata mchumba Newala. Binti anaitwa Rehema, mwalimu wa chekechea. Leo ndiyo siku tuliyopewa ya kwenda kuposa. Kwetu mwenye kauli ni mjomba, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa Mjomba Likundi, na upande wao ni mjomba wa binti, Mzee Chilumba. Sifa za huyo mzee zilitufikia kabla hatujamwona. Akisema saa nne, ni saa nne. Na tulishanong'onezwa kwamba kuna familia ya Mtwara nayo inamuulizia Rehema. Kwa hiyo mambo ya kuchelewa yalikuwa hayapo.

Jana jioni akaja kaka yetu Yusufu, mwenye pikapu ya dizeli.

"Mama Zuhura, wazee nitawapeleka mimi. Hicho chako ni cha sokoni. Kilima cha Newala hakikijui."

"Kitakijua kesho."

"Na Shangazi Somoe je? Umemfikiria Shangazi Somoe?"

"Nimesema nitawapeleka mimi."

(Nikishasema, nimesema. Baba Zuhura analijua hilo. Leo asubuhi alituaga kwa dua ndefu kuliko ya msafara wa kwenda Hija.)

Nikawapigia na simu wenyeji wa Newala. "Mkiona gari dogo jeupe linang'aa, basi ndio sisi." Kwa majivuno hayo! Mngenisikia.

Tukaondoka mapema. Mjomba mbele, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti. Nyuma Shangazi Somoe na Mama Mkubwa, na katikati yao ndoo ya mchele. Buti limejaa kreti za soda na vitenge vya wakwe. Shangazi Somoe, kwa msiomjua, ni mtu wa mwili na mdomo, na vyote viwili vimekamilika. Alipoketi, kigari kilishuka upande wake kama mtu anayesalimia.

"Mwanangu, hiki kimekaa chini hivi au nimekikalisha mimi?"

"Ndivyo kilivyo, Shangazi."

Kwenye tambarare, jamani, kiliruka! Mikorosho inapita huku na huku, upepo unaingia, Mama Mkubwa anasinzia. Mjomba akatazama mshale wa mafuta, akaniuliza kama umekufa, maana hausogei. Nikamwambia, "Mjomba, hiki hakinywi, kinaonja tu." Akatikisa kichwa kwa heshima. Moyoni nikamwambia Yusufu, umeona?

Halafu kilima.

Mwanzo kilipanda. Kikaanza kupanda polepole. Kisha kikawa kinanguruma kwa sauti ya lori huku kikienda kwa mwendo wa jongoo. Nikazima kiyoyozi. Nikaweka gia ya nguvu. Nikainama mbele kwenye usukani, kana kwamba nami nasukuma. Bibi mmoja mwenye kuni kichwani akatupita. Akatusalimia kabisa, tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea zake.

"Mama Zuhura," Shangazi akasema, "yule bibi ametuacha?"

"Ana haraka, Shangazi."

Kwenye kona kali kigari kikasimama. Hakikuzima. Kilisimama tu, kinatetemeka, kama mtoto aliyeambiwa aingie bafuni asubuhi. Nyuma yetu lori likapiga honi. Nikavuta breki ya mkono, nikasema kwa adabu zote:

"Wazee wangu, naomba mshuke kidogo. Ni hii kona moja tu. Nitawasubiri hapo juu."

Wakashuka. Shangazi akavua viatu vyake vya harusi, nikampa malapa yangu. Mikoba yote ikabaki garini ili wasichoke, na humo mna simu zao. Fimbo ya Mjomba nayo ikabaki. (Alisema hataki kuonekana anapanda kilima kwa fimbo. Kila mtu ana yake.)

Mzigo ulipopungua, kigari kikapanda! Polepole, lakini kikapanda. Nikapiga kigelegele peke yangu. Tatizo ni kwamba baada ya kona ile kulikuwa na kona nyingine. Na baada ya hiyo, nyingine. Pa kusimama hakuna, lori liko mgongoni na honi yake, na mimi najua nikisimama ndiyo basi. Nikaendelea. Kwenye kioo niliwaona wazee wangu wanazidi kuwa wadogo. Shangazi alikuwa amenyoosha mkono juu. Nilijiambia ananipungia.

Kufika juu kabisa, kwenye tambarare, kabla sijaegesha, nikaona kundi la akina mama wamevaa kitenge sare. Wameniona! Gari dogo jeupe linang'aa! Vigelegele vikalipuka. Walikuja kutupokea njiani, jamani, kwa ngoma na nyimbo. Mikono ikaingia madirishani. Milango ikafunguka. Wanne wakaingia humo humo, mmoja akakalia ndoo ya mchele.

"Karibuni, karibuni! Mbona uko peke yako, mtani wangu? Wenzako wako wapi?"

"Wako nyuma," nikasema.

"Aaa, wako kwenye gari la nyuma! Basi twende, wazee wanasubiri, saa nne inagonga!"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitakiwa kuongeza maneno mawili tu: kwa miguu. Ulimi ukakataa. Baada ya majigambo yote ya kwenye simu, niseme wazee wetu wanapanda kilima kwa malapa? Nikajisemea, nitawashusha hawa, nigeuze haraka, niwafuate wazee, hakuna atakayejua.

Nani kasema! Tulipofika uani nikatolewa kwenye gari kama bibi harusi. Mmoja ananishika huku, mwingine kule. Nikajikuta sebuleni, peku, nimekumbatia mikoba ya wanawake watatu na fimbo ya Mjomba. Kwenye jamvi wameketi wazee wa watu, wamepangana, kanzu nyeupe. Katikati Mzee Chilumba, ameshika saa yake ya mkononi kama mwamuzi wa mpira.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wageni wengine?"

"Wako nyuma kidogo, baba."

"Wanakuja na gari gani?"

"Wanakuja... taratibu."

Nikaanza kuvuta muda. Nikamwamkia kila mzee peke yake. Nikauliza habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, za mbuzi. Nilipoanza kuulizia afya ya watu wa Mnyambe, ambako sina hata ndugu mmoja, Mzee Chilumba akakohoa.

"Mwanangu, saa imefika. Kuna wenzenu wa Mtwara tumewaambia waje mchana. Kama una neno, liseme. Kama huna, tutajua hamna."

Jamani, nifanye nini? Nikimbie, nimkoseshe Hamisi mke? Mimi ndiye niliyempeleka shule ya msingi kwa mkono, siku yake ya kwanza. Hapana. Nikapiga magoti, nikaweka mikoba chini, nikajikaza. Kama Mjomba hayupo, nitaposa mimi.

"Wazee wangu, tumekuja... nimekuja, kwa niaba ya kijana wetu Hamisi."

"Eeh. Tuambie habari zake. Ni kijana wa namna gani?"

Kichwa kikawa cheupe. Maneno yote mazuri yakakimbia. Likabaki moja tu lililokaa mdomoni muda wote, nalo likatoka lenyewe, kwa sauti kubwa na kwa kujiamini:

"Ni mdogo kwa umbo, lakini ni imara. Hasumbui. Hanywi, anaonja tu."



Mzee mmoja pembeni akaacha kuhesabu tasbihi. Nyuma ya pazia la chumbani nikasikia mtu anaziba mdomo.

"Anaonja?" akauliza Mzee Chilumba, polepole. "Anaonja nini?"

"Hapana, baba, si yeye! Ni gari! Gari ndilo linaloonja!"

"Gari linaonja?"

"Petroli, baba!"

"Kijana wenu anaonja petroli?"

Wallahi nilitamani jamvi lifunguke. Hapo hapo nje ikasikika pawatila, kile kitrekta cha kushika kwa mikono, inaguna, ta-ta-ta-ta, ikazima mlangoni. Sote tukatazama. Kwenye tela, juu ya viroba vya mihogo, wameketi Mjomba Likundi, Mama Mkubwa na Shangazi Somoe. Vumbi jekundu toka unyayoni hadi utosini. Kope tu ndizo zinazopepesa. Shangazi akateremshwa na watu watatu, akasimama mlangoni na malapa yangu, lapa moja limekatika kamba, kalishika mkononi.

"Hodi," akasema. "Sisi ndio tuliotupwa njiani. Yuko wapi aliyetutupa?"

Mzee Chilumba akanitazama. Akamtazama Shangazi. Akatazama nje, pale kigari changu kinapong'aa kwenye jua bila aibu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Kumbe mzee anacheka! Alicheka mpaka akavua miwani akaifutia kanzu. Na alipocheka yeye, sebule nzima ikamwagika. Huyo mzee wa tasbihi alilala ubavu kabisa.

Mjomba wangu hakucheka. Aliketi, akapokea fimbo yake kutoka kwangu bila kunitazama, akasema kwa utulivu, "Watani zetu, mtusamehe kwa vumbi. Kijana wetu hanywi wala haonji. Anaswali, analima, na anamtaka binti yenu. Huyu aliyetangulia ni dada yake. Ameumbwa hivyo, hatuna la kufanya."

"Dada anayekuja kumposea mdogo wake peku, peke yake?" Mzee Chilumba akasema. "Mwacheni. Ninaye mmoja wa namna hiyo nyumbani, najua wanavyosumbua, na najua wanavyopenda."

Nikalia kidogo. (Vumbi. Vumbi la wazee.)

Rehema akaulizwa hapo hapo, kupitia pazia. Sauti ikatoka, ndogo lakini inasikika vizuri: "Nimekubali. Ila siku ya harusi sipandi hilo gari."

Vigelegele! Watu wa Mtwara wakapigiwa simu wasijisumbue. Tukala wali na kuku, soda zikanyweka, na wakati wa kurudi kigari kiliteremka kilima kile kama kimezaliwa hapo. Shangazi aliketi mbele safari hii, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango toka Newala hadi tunaingia Masasi. Alipofika kwake alishuka, akakizunguka kigari, akakipiga tairi teke dogo, akaingia ndani.

Harusi ikipangwa nitapanda tena kilima hicho, nawaambia mapema. Nitapanda peke yangu, kiyoyozi kimezimwa, na dirisha wazi.

Video yangu nikiposa iko kwenye grupu la ukoo tangu alasiri, nani kaitoa sijui, na hata sauti imekaa vizuri. Naomba iishie humo. Jumatatu nafungua saluni yangu kama kawaida, na mteja akicheka kichwa kikiwa mikononi mwangu, nywele zitasukwa upande na lawama nitabeba mimi.