Televisheni Yangu Kupewa Namba Nne

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Kupanga Madaraja ya Televisheni,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana haya ninayokuletea ni mazito. Mimi ni Bi. Tak Malsun, mjane wa hapa Daegu. Nilipotimiza miaka sabini, mkamwana wangu Hyeram alinizawadia televisheni yenu. "Mama, hii ni ya daraja la juu kabisa," akaniambia. Nikampikia, akala, akaenda zake. Ndipo nikaona kile kibandiko cha duara pembeni: nne! Na ya jirani yangu Bi. Guk Jeomrye, ambaye mkamwana wake hata figili hajui kumenya, ina moja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa lugha yetu nne na kifo vinatamkwa sawasawa. Hata lifti yetu inaiogopa, kitufe cha ghorofa hiyo kimeandikwa F. Mjane wa miaka sabini kupewa nne, si ndiyo anaambiwa afungashe virago?

2. Bi. Jeomrye alikuja, akaikagua, akaguna: "Loo, dada, nne! Haya, angalau inawaka." Tangu siku hiyo naona haya kwenda kucheza naye karata.

3. Marehemu mume wangu aliingia kampuni akiwa karani, akapanda mpaka umeneja kwa kukaa tu kitini miaka ishirini na sita. Televisheni imekosa nini isipandishwe cheo? Yangu haiombi likizo, na sikukuu zote ipo kazini. Naomba iwe tatu mwakani, na moja kabla sijafa.

F. Nimempigia Hyeram simu nikamwambia asikanyage hapa Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno. Alilia. Roho inaniuma, na waliosababisha ni nyinyi.

Msipoirekebisha, nitaigeuza itazame ukuta.

Nisalimieni wafanyakazi wote, wapishi wenu, na yule binti wa simu aliyenivumilia dakika arobaini.

Wenu mwenye kinyongo na adabu zake,
Tak Malsun

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mwanangu Taekgyu, mume wa Hyeram, amepita. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe kibandiko ni cha ulaji wa umeme, na moja hupewa inayokula kidogo! Yangu inakula sana kwa sababu ni kubwa, na kweli ni ya daraja la juu kabisa. Ya Bi. Jeomrye ndiyo ya chini. Kwa hiyo futeni yote. Ila naomba barua moja yenye muhuri, iseme kosa ni lenu. Nitampelekea Hyeram mwenyewe, kwa mikono miwili, maana neno "nisamehe" sijawahi kumwambia mkamwana, na Chuseok ni Alhamisi.